Saa Isiyo na Ufunguo: Maisha ya Bibi Salme wa Unguja

Mwaka huu mhariri wetu aliamua kwamba kila mwanachama aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Majina yaliandikwa ubaoni. Wenzangu wakagombania Dedan Kimathi, na wengine Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko hapa hapa Nyeri mjini. Mimi siku hiyo nilikuwa na zamu ya kuosha sufuria jikoni, nikafika mkutanoni nimechelewa, mikono ingali na masizi. Nikaachiwa jina lililobaki: Salme binti Said, mtoto wa Sultani wa Unguja.

Kusema kweli nilinung'unika. Mtu wa Naro Moru, anayeamka na baridi ya Mlima Kenya puani, ana habari gani na binti mfalme wa pwani? Lakini kitabu cha maisha yake kilipofika mikononi mwangu, sikwenda mbali kabla ya kukuta habari za saa. Na habari za saa nilikuwa nazo nyumbani tangu utotoni.

Juu ya kabati la vyombo la nyanya yangu, ambaye sisi wajukuu humwita Cucu, kuna saa. Usidhani ni hizi za ukutani zinazotiwa betri. Hii ni nzito, ukiibeba utadhani umebeba jiwe la kusagia. Ni ya marumaru nyeupe na shaba iliyotiwa maji ya dhahabu. Ina nguzo ndogo, mbili upande huu na mbili upande ule, mfano wa hekalu, na juu yake kuna mtungi wenye masikio uliozungushiwa maua ya shaba. Usoni ina matundu mawili ya ufunguo. Nyuma kuna mlango mdogo wa duara, na ukiufungua unaona kengele, na chini yake limechorwa neno Paris.

Babu alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja mwenye shamba. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, wazungu wengi wa upande huu waliuza mashamba wakarudi kwao. Huyo bwana alipokuwa akifungasha mizigo, babu alikuwa anamdai mshahara wa miezi mitatu. Pesa hazikuonekana. Babu akapewa saa badala yake, na lori likaondoka. Ndipo ikagunduliwa kwamba ufunguo umekwenda na mwenyewe, kwa kusahau au kwa makusudi, Mungu ndiye ajuaye. Tangu siku hiyo saa ile haijalia. Cucu huipangusa vumbi kila Jumamosi jioni kana kwamba kesho italia.

Nilipokabidhiwa jina la Salme nilimwendea fundi wa saa mjini Nyeri, mzee mmoja mwenye kioo cha jichoni, nikamwelezea hiyo saa ilivyo. Akacheka, akasema hiyo ni ya Kifaransa, saa ya kuwekwa juu ya meko ya ukutani, pale wazungu wanapoota moto. Akanifunza mambo ambayo baadaye niliyahakikisha vitabuni. Katika karne ya 18 watu walifukua miji ya kale ya Italia, Herculaneum kuanzia mwaka 1738 na Pompeii kuanzia 1748, miji iliyofunikwa na jivu la volkano ya Vesuvius tangu mwaka 79. Matajiri wa Ulaya walipoyaona yaliyotoka humo wakashikwa na wazimu wa mambo ya kale: nguzo, mitungi, mashada ya maua, miungu ya Wagiriki na Warumi. Mafundi wa Paris wakayaweka hayo yote kwenye saa. Dhahabu ilichanganywa na zebaki, ikapakwa juu ya shaba, kisha ikachomwa motoni mpaka zebaki iishe kwa kuwa moshi, dhahabu ibaki. Moshi huo ulikuwa sumu, na mafundi wengi waliufia. Matundu mawili ya usoni ni ya kazi mbili: moja hukaza utepe wa chuma unaoendesha mikono, la pili utepe unaoendesha nyundo ya kengele. Saa ya namna hiyo ikikazwa mara moja hutembea siku nane. Hulia kila saa kwa hesabu yake, na mara moja kila nusu saa.

Basi sasa twende Unguja.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti mwaka 1844 katika jumba la Bet el Mtoni, ukingoni mwa bahari, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman aliyependezwa na Unguja hata akahamishia makao yake huko. Mama yake aliitwa Jilfidan, Mcherkasi kutoka milima ya Kaukasi, aliyetekwa vitani akiwa mtoto mdogo, akauzwa, hata akafika katika nyumba ya Sultani akawa suria. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia. Said alikuwa na masuria wengi, na alipofariki aliacha watoto 36 walio hai. Salme alikuwa miongoni mwa wadogo.

Utajiri wa nyumba hiyo ulitoka kwenye karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Said alifanya mikataba ya biashara na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844, mwaka ule ule alipozaliwa Salme. Meli zake mwenyewe zilikwenda Bara Hindi, Uchina, Uajemi, Uingereza, na Marseille kule Ufaransa. Zilikwenda na mazao, zikarudi na vitu vya dunia nzima. Siku ya kugawa vitu hivyo ilikuwa sikukuu jumbani, hakuna aliyelala.

Miongoni mwa vitu vilivyopendwa sana ni saa. Salme anaeleza jinsi vyumba vya watu wakubwa vilivyopambwa. Kuta zilikuwa na zidaka zilizojaa vyombo vya kioo na kaure kutoka Ulaya, na vioo vikubwa kati yake. Picha hazikutundikwa, kwa sababu za dini, lakini saa ziliwekwa kwa wingi, nyingine juu ya vioo, nyingine mbili mbili kandokando. Nyumba moja ingeweza kuwa na saa kadhaa za thamani kubwa.

Lakini usifikiri saa zile ndizo zilizowaamsha watu au kuwalaza. Siku iligawanywa na sala tano. Mtu hakusema tukutane saa fulani na dakika fulani, alisema baada ya alasiri, kabla ya magharibi. Na hata saa ilipotazamwa, hesabu ilianza jua linapotua. Hesabu hiyo ndiyo hii yetu. Sisi wa Nyeri tunasema saa moja asubuhi wakati akrabu, au mikono kama tuitavyo huku bara, imesimama kwenye saba. Tumezoea hata hatushangai. Mwalimu wa Kiingereza anasema seven, mwalimu wa Kiswahili anasema saa moja, na kengele ni ile ile. Karibu na ikweta jua halidanganyi, huchomoza na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima. Weka hilo pia akilini, maana litamsumbua Salme mbele ya safari.

Alipokuwa na umri wa kama miaka saba alihamia mjini, Bet el Watoro, kwa kaka yake Majid. Huko alijifunza kupanda farasi na kulenga shabaha. Na huko akafanya jambo lililobadilisha maisha yake. Wasichana wa nyumba ya Sultani walifundishwa kusoma tu, kuandika kulikuwa kwa wavulana. Salme akatwaa mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa slate ya wanafunzi wa siku hizo, akaanza kunakili herufi za Kurani moja moja kwa siri. Hakuwa na mwalimu. Watu walipojua wakamsema sana, lakini alikuwa amekwisha kujua. Wewe unayenung'unika ukiambiwa uandike insha ya kurasa mbili, hebu fikiria mfupa wa ngamia.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1856 baba yake alikufa baharini akitoka Oman, karibu na visiwa vya Shelisheli. Salme alikuwa na miaka 12. Alihesabiwa mtu mzima, akapewa urithi wake wa shamba na fedha. Majid akashika Unguja, Thuwaini akashika Oman. Mwaka 1859 mama yake naye akafa kwa kipindupindu, na msichana wa miaka 15 akabaki na mali bila mtu wa kumshika mkono.

Hapo ndipo tunapofika kwenye saa niliyoitafuta.

Mmoja wa kaka zake, Khalid, aliyefariki mwaka 1854, alipenda mambo ya Kifaransa kupita kiasi. Shamba lake la huko Unguja aliliita Marseille. Ndiyo, jina la mji wa Ufaransa katikati ya mikarafuu na minazi! Nyumba ya shamba hilo ilikuwa ajabu ya kisiwa. Sakafu zilikuwa za marumaru, jiwe jeupe na jiwe jeusi kwa zamu. Kuta zilijaa vioo, isipokuwa mahali pa kusalia. Kulikuwa na vioo vingine vya kukupotosha sura ukajiona mnene au mwembamba, na kulikuwa na saa ya ufundi mkubwa. Ilipolia, sanamu ndogo zilitoka ndani yake, zikapiga muziki na kucheza. Salme anakumbuka saa hiyo kama mtoto anavyokumbuka sherehe. Khalid aliwaachia nyumba hiyo binti zake wawili, Shambua na Farshu, ambao walikuwa rafiki wa Salme.

Mwaka huo wa 1859 kaka mwingine, Barghash, alitaka kumpindua Majid. Dada yao Khole alikuwa upande wa Barghash, na Khole ndiye dada aliyependwa na Salme kuliko wote. Salme akavutwa. Alimpenda Majid aliyemlea, lakini alimpenda Khole zaidi. Wala njama haziendeshwi kwa mdomo, zinahitaji barua, na katika kundi lile la wanawake nani aliyejua kuandika? Yule wa mfupa wa ngamia. Akawa karani wa maasi akiwa na umri wa mwanafunzi wa kidato cha pili. Barua za kuagiza bunduki na baruti zilitoka mkononi mwake.

Siri ikavuja. Nyumba ya Barghash ikazungukwa na askari. Usiku mmoja Salme na Khole wakaingia humo wakiwa na kundi la wanawake, wakamtoa Barghash amevaa shela ya kike, akapita mbele ya walinzi bila kutambuliwa. Lo! Nikisoma hapo nilisahau hata kengele ya chakula. Barghash akakimbilia kwa wafuasi wake waliokuwa wamejenga ngome. Na ngome yenyewe ilikuwa wapi? Katika shamba la Marseille.

Majid akaenda huko na askari wake, akasaidiwa na Waingereza wenye mizinga. Watu wengi wakafa. Nyumba ya sakafu nyeusi na nyeupe ikabomolewa, vioo vikavunjika, na saa ya sanamu za kucheza haikulia tena. Barghash akarudi mjini, akajisalimisha, akapelekwa uhamishoni Bombay. Shambua na Farshu wakapoteza nyumba ya baba yao. Salme mwenyewe hakufungwa, lakini watu walimwepuka. Mimi nadhani hapo ndipo maisha yake yalipovunjika, ingawa wengi husema ni baadaye. Alikuwa ameandika kwa mkono wake barua zilizoiangamiza nyumba aliyoipenda, tena kwa kumpinga kaka aliyemtendea mema.

Baada ya muda alipatana na Majid, ambaye alikuwa mtu wa kusamehe. Lakini kupatana huko kukamfanya adui kwa Barghash na Khole. Ndivyo ilivyo katika familia ya watoto 36, ukimwamkia huyu yule ananuna. Salme akaishi peke yake mjini. Jirani yake alikuwa kijana Mjerumani, mfanyabiashara kutoka Hamburg aitwaye Heinrich Ruete. Mapaa ya nyumba zao yalikaribiana, wakaanza kuzungumza, na mazungumzo yakazaa mapenzi. Mwaka 1866 Salme akawa mja mzito.

Msomaji, wewe unajua maana yake. Binti wa Sultani, Mwislamu, hajaolewa, na mwanamume ni Mkristo na mgeni. Maisha yake yalikuwa hatarini. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo, usiku, alipanda manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, ikampeleka Aden. Huko akajifungua mtoto wa kiume, ambaye hakuishi muda mrefu. Tarehe 30 Mei mwaka 1867 akabatizwa kwa jina la Emily, na siku ile ile akafunga ndoa na Heinrich. Kisha wakasafiri kwenda Hamburg.

Sasa ile habari ya jua. Hamburg iko kaskazini sana. Mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya watu wa Nyeri kunywa chai ya saa kumi na kuosha vikombe. Mwezi wa Juni mwanga hukaa hadi karibu saa tatu usiku. Huwezi kuhesabu saa kutoka machweo mahali kama hapo, maana kila wiki ungehesabu upya. Huko saa ndiyo iliyotawala. Mume alitoka kwenda kazini kwa saa, akarudi kwa saa, chakula kwa saa, wageni kwa saa, na milango yote imefungwa kwa ajili ya baridi. Salme aliyezaliwa katika nyumba yenye saa kila ukuta alifika mahali ambapo saa haikuwa pambo. Hakujua Kijerumani. Mume wake alipotoka alibaki peke yake na watumishi asioweza kuwaagiza. Alipenda kumwona mumewe akirudi, na mchana wote ulikuwa wa kungoja.

Walipata watoto watatu, Antonie mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870. Mwezi wa Agosti mwaka huo wa 1870 Heinrich aliteleza akishuka kutoka kwenye tramu inayokokotwa na farasi, ikamkanyaga, akafa baada ya siku chache. Alikuwa na miaka 31. Salme akabaki mjane wa miaka 25 hivi, na watoto watatu, mdogo wao wa miezi mitatu, katika nchi ambayo sheria haikumruhusu mwanamke kusimamia mali ya watoto wake peke yake. Wakateuliwa wanaume wa kumsimamia. Mali ikapungua. Akahama mji hadi mji, kutafuta mahali pa gharama ndogo, akafundisha Kiarabu ili watoto wapate kusoma.

Miezi michache baada ya kifo cha Heinrich, Majid naye akafa Unguja. Nani akapanda kitini? Barghash, yule yule aliyetolewa nyumbani kwa shela. Unafikiri angemkumbuka dada aliyemwandikia barua? Salme alikuwa anadai sehemu yake ya urithi wa ndugu zake waliofariki. Barghash hakumjibu. Mwaka 1875 Barghash alizuru London, naye Salme akakusanya nauli, akaenda huko, akajifunza Kiingereza kidogo, ili tu amwone uso kwa uso. Wakubwa wa Kiingereza wakamzuia. Walimwahidi kwamba wakimpata akitulia watawasomesha watoto wake. Barghash alipokwisha kuondoka, ahadi ikapata sababu ya kutotimizwa. Hapo niliweka kitabu chini nikamkumbuka babu na mshahara wake wa miezi mitatu.

Mwaka 1885 serikali ya Ujerumani ilitaka kumlazimisha Barghash akubali utawala wake Tanganyika. Wakakumbuka kwamba wana binti mfalme. Wakampakia yeye na watoto wake katika meli, na mwezi wa Agosti akaiona Unguja baada ya miaka 19. Manowari za Kijerumani zilikuwa zimepangwa mbele ya jumba la kaka yake. Watu wa mji walimfuata njiani kwa furaha, lakini Barghash hakumpokea. Na Wajerumani walipokwisha kupata walichotaka, dai lake likasahauliwa. Mwaka uliofuata, 1886, kitabu chake kilichapishwa Berlin, kwa Kijerumani. Mwaka 1888 Barghash alikufa, Salme akarudi Unguja kujaribu kwa Sultani mpya, Khalifa. Naye akakataa. Salme hakurudi Ujerumani mara moja. Akaenda zake Shamu, akaishi miaka mingi Beirut, hadi mwaka 1914, mahali ambapo adhana husikika na jua huzama kwa staha kidogo. Ni mzee wa miaka 70 na zaidi alipopewa pensheni ndogo na Sultani Khalifa bin Harub. Alifariki katika mji wa Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari mwaka 1924. Akazikwa Hamburg kando ya mumewe. Katika vitu vyake kulikutwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, nao ukatiwa kaburini pamoja naye.

Ningeweza kuishia hapo, na wasichana wa kidato cha kwanza wangelia. Lakini kuna jambo nililosema tutalirudia. Mama yake Salme alikuwa mtumwa aliyenunuliwa. Hata hivyo Salme katika kitabu chake anautetea utumwa, anasema watumwa wa Waarabu walitunzwa vizuri, tena anawaita Waafrika wavivu. Wacha niseme wazi, niliposoma hapo nilikasirika. Sikasiriki peke yangu. Mwaka 2019 uwanja mmoja huko Hamburg uliitwa kwa jina lake, na haukukaa na jina hilo muda mrefu, wakaliondoa kwa sababu ya maandishi hayo. Mwenzangu mmoja chamani akasema basi tusimwandike kabisa. Mwalimu mlezi akasema tumwandike na hilo liandikwe. Nimeliandika.

Likizo ya Agosti nilimsimulia Cucu habari hizi zote jioni, tukimenya viazi. Alisikiliza kimya. Shambani Marseille hakukaa sana. Wala tramu haikumshangaza. Aliponyanyua kichwa aliuliza jambo ambalo sikulitegemea: katika nyumba ile ya vioo, ni mtumwa gani aliyeitia saa ufunguo? Kisha akanieleza kwamba kule shambani ni babu aliyekuwa akiikaza ile saa, kila Jumapili kabla ya chai ya asubuhi, zamu saba tundu hili, zamu saba tundu lile. Aliikaza kwa miaka 11, na katika miaka hiyo hakuwahi kuketi katika chumba kile. Alijua sauti yake kuliko mwenyewe.

Jumatatu tukaifunga saa ndani ya blanketi, tukaitia katika kiondo, tukapanda matatu hadi Nyeri. Pendulumu, kile chuma kinachoning'inia na kuyumba, fundi alikuwa ameniagiza tukitoe kwanza, kwa hiyo Cucu alikibeba mfukoni mwa sweta lake kama yai. Fundi alitoa kopo la funguo kuukuu, akajaribu moja baada ya nyingine. Ya tisa ikaingia. Alisafisha, akatia mafuta, tukangoja nje juani karibu saa mbili nzima.

Alipotuita ndani ilikuwa saa tano asubuhi. Akauliza aweke mikono wapi. Mimi nikaanza kusema kumi na moja, kama saa zote zinavyowekwa. Cucu akasema aweke kwenye tano, si ndiyo saa tano? Fundi akamtazama, akanitazama mimi, akausogeza mkono kwenye tano. Kengele ikalia mara tano. Cucu alihesabu kwa vidole, kisha akauliza bei ya ufunguo.